Zamu Mbili si Hoja

Katika besiboli ya fantasi, mchezo ambao mwenye timu hujikusanyia wachezaji wa kweli kutoka klabu mbalimbali za ligi kuu ya Marekani na akahesabiwa kwa yale wanayoyatenda uwanjani, imekaa rai moja ambayo kwa kurudiwarudiwa imepata heshima ya kanuni, nayo ni kwamba mrushaji aliyepangiwa kuanza michezo miwili katika juma moja hapaswi kuachwa benchi. Rai hii husemwa na wageni walioingia mchezoni jana, na husemwa vilevile na wakongwe ambao ungetaraji wawe wamekwisha kuipima. Na kila Jumapili usiku, orodha za juma linalofuata zinapokaribia kufungwa, hutafutwa mrushaji yeyote, hata yule aliyekwisha kutupwa na kila mwenye timu, mradi jina lake limeandikwa Jumatatu na likaandikwa tena Jumamosi, au Jumanne na tena Jumapili, naye hupewa mahali pa mtu aliye bora kuliko yeye kwa hoja hiyo moja tu, kwamba huyu ana zamu mbili na yule anayo moja. Mimi naipinga rai hii, na muradi wa makala haya ni kuonyesha, hatua kwa hatua, kwamba idadi ya zamu ni jambo la mwisho kuulizwa juu ya mrushaji wala si la kwanza, na kwamba anayelitanguliza swali hilo hulipa zaidi ya anachopokea, tena bila ya kujua kuwa amelipa.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aliyezoea fantasi ya ligi kuu ya kandanda ya Uingereza atautambua mwendo wa fikira hii mara moja, kwa kuwa huko nako, timu inapopangiwa mechi mbili katika juma moja la mchezo, watu humkimbilia hata beki asiyejulikana kwa lolote na wakamwacha mshambuliaji aliyewafikisha walipo. Lakini kosa hilo katika kandanda ni jepesi, kwa sababu mchezaji hafifu wa kandanda aghalabu hukuletea pointi chache tu, wala uchache wake hauzigusi zile ulizokwisha kuzipata kwa wengine. Katika besiboli mambo ni kinyume: mrushaji hafifu huzila pointi za wenzake, na hapo ndipo penye kiini cha shauri zima.

Insafu inataka kwanza niwape wapinzani wangu haki yao. Msimu wa ligi kuu una michezo 162 kwa kila timu, na kwa desturi timu hugawa kazi ya kuianza michezo hiyo kwa warushaji watano wanaopokezana, kila mmoja akipumzika siku nne au tano baada ya zamu yake. Basi mrushaji mwenye afya kamili hupata zamu 32 au 33 kwa msimu mzima, na majuma mengi humwona mara moja tu. Juma linalomwona mara mbili ni juma adimu, na kitu adimu hupendwa. Fauka ya hayo, wapinzani wangu husema, na husema kweli, kwamba ushindi hauwezi kupatikana na mtu aliyekaa, wala mpigaji hawezi kukoseshwa mpira na mkono usiorusha. Kwamba zamu mbili ni fursa mbili za ushindi badala ya moja. Na kwamba duru 10 au 12 za mchezo huzaa wapigaji wengi waliokoseshwa na kutolewa kuliko duru 6. Hayo yote nayakubali. Ninachokikataa ni natija wanayoitoa humo, kwani wamehesabu mapato na hawakuhesabu gharama.

Tuitazame basi mizani yenyewe inayotupima. Mchezo huu, katika sura yake tunayoijua, ulianzishwa mwaka 1980 na mwandishi Daniel Okrent pamoja na rafiki zake waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa La Rôtisserie Française, mjini New York, na ndiyo sababu ukaitwa Rotisserie. Waanzilishi hao waliwapima warushaji kwa mambo manne: ushindi; michezo iliyookolewa na warushaji wanaoingia mwishoni; wastani wa mikimbio ambayo mrushaji huwapa wapinzani kwa kila duru 9; na wastani wa wapigaji anaowaachia kufika vituoni kwa kila duru, ama kwa kupigwa mpira wake, ama kwa kurusha mipira minne mibaya na kuwapa kituo cha kwanza bure. Baadaye likaongezwa jambo la tano, idadi ya wapigaji waliokoseshwa, na hesabu ya matano ndiyo iliyo desturi ya ligi nyingi hata leo. Mwenye kuyatazama mambo hayo kwa utulivu ataona kwamba mawili ni ya wingi, yaani ushindi na waliokoseshwa, na mawili ni ya ubora, yaani zile wastani mbili, ilhali la michezo iliyookolewa halimhusu kabisa mrushaji anayeanza. Madhali wingi na ubora vimepewa uzito ulio sawa, mtu anayesema kwamba zamu mbili hupita zamu moja, bila ya kuuliza ni zamu za nani, amezingatia nusu ya sheria na kuifumbia macho nusu ya pili.

Nichukue mfano wa juma moja na kuupima kwa tarakimu. Tuseme warushaji wako wamerusha duru 40, wametoa mikimbio 14, wamewaachia wapigaji 46 kufika vituoni, na wamekosesha 44. Wastani wako wa mikimbio ni 3.15 na wa vituo ni 1.15, nazo ni hesabu za timu inayotazamiwa kushinda mambo hayo mawili mara nyingi kuliko kushindwa. Sasa umeingiza mrushaji wa daraja la chini kwa ajili ya zamu zake mbili, naye akakupa duru 10, mikimbio 7, wapigaji 16 vituoni na 8 waliokoseshwa, kazi ambayo si maafa, bali ni ya kawaida kwa mtu wa daraja lake katika juma lisilo jema. Waliokoseshwa wamepanda kutoka 44 hadi 52. Lakini wastani wa mikimbio umeruka kutoka 3.15 hadi 3.78, na wastani wa vituo kutoka 1.15 hadi 1.24. Tuseme tena kwamba ungemtumia yule uliyemwacha benchi, mwenye zamu moja, naye kwa kawaida yake angekupa duru 6, mikimbio 2, wapigaji 6 vituoni na 7 waliokoseshwa. Wastani wa mikimbio ungekuwa 3.13, wa vituo 1.13, na waliokoseshwa 51. Alhasili, kwa kuzifuata zamu mbili umejipatia mpigaji mmoja tu zaidi aliyekoseshwa, na kwa huyo mmoja umetoa mambo mawili mazima uliyokuwa umekwisha kuyatia mkononi.

Hapo hujibiwa kwamba msimu ni mrefu, na kwamba wastani ulioharibika juma hili utapona majuma yajayo. Neno hilo lina sauti ya subira, na subira ni sifa njema, lakini tuulize uponyaji huo unagharimu nini. Tuseme ligi yako inataka wastani wa 3.50 kwa anayetaka kuwa miongoni mwa wa juu. Duru 10 kwa kiwango hicho zingepaswa kuzaa mikimbio isiyofika 4; yule mtu wa zamu mbili ametoa 7, basi ameacha deni la mikimbio 3 na ziada kidogo. Nani atalilipa? Mrushaji wako bora, mwenye wastani wa 2.50, hukuokolea mkimbio mmoja kwa kila duru 9 ukimlinganisha na kiwango kile. Kwa hiyo atahitaji duru 28 hivi ili alifute deni, nazo, kwa duru 6 kila zamu, ni karibu zamu tano. Juma moja la mtu uliyemwokota limekula takribani mwezi mzima wa nyota uliyemnunua mnadani kwa bei kubwa kuliko wengine wote, na katika mwezi huo nyota huyo hakukuongezea kitu, bali alikurudisha ulipokuwa. Na katika ligi zinazohesabu jumla ya msimu mzima hasara huongezeka, kwa kuwa nyingi kati yake huweka kikomo cha duru, na kile cha 1,400 kimezoeleka sana. Huko duru iliyotumiwa vibaya haiharibu wastani tu, bali humnyima nafasi mrushaji bora mwishoni mwa msimu, wakati duru zimekwisha na wenye hadhari bado wanazo.

Nije sasa kwenye ushindi, jambo lililozishika nyoyo za watu kuliko mengine yote, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloipa rai hii uhai wake. Kanuni ya besiboli husema kwamba mrushaji aliyeanza mchezo haandikiwi ushindi ila awe amemaliza duru 5, awe ametoka timu yake ikiwa mbele, na timu hiyo isipoteze uongozi wake baada ya yeye kutoka. Katika masharti hayo matatu, mrushaji ana neno katika la kwanza na nusu ya la pili. Yaliyobaki yamo mikononi mwa wapigaji wa timu yake, mwa warushaji wanaompokea, na mwa kocha anayeamua lini atolewe. Kumchagua mtu kwa matumaini ya ushindi ni kumwekea dhamana kwa kazi ya watu wengine.

Ithibati ya jambo hili haikuanza leo. Tarehe 26 Mei 1959, mjini Milwaukee, Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates alirusha duru 12 bila ya mpigaji hata mmoja kufika kituoni, wapigaji 36 wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na muda wote huo wenzake, ijapokuwa waliupiga mpira mara kwa mara, hawakuweza kumpatia mkimbio hata mmoja. Katika duru ya 13 mwenzake Don Hoak aliudaka mpira na kuurusha vibaya, na Felix Mantilla akapona katika kituo cha kwanza. Eddie Mathews akajitoa mhanga kumsogeza mbele. Hank Aaron akapewa kituo cha bure kwa makusudi. Kisha Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka ukuta. Lew Burdette wa Milwaukee Braves, ambaye alipigwa mapigo 12 usiku ule, akaandikiwa ushindi. Haddix, aliyepigwa pigo moja tu, akaandikiwa kushindwa. Mtu anayeamini kwamba ushindi ni kipimo cha mrushaji na asome habari za usiku huo pole pole, kisha aniambie ni nani kati ya wawili wale ambaye angemtaka katika timu yake.

Wala wasiseme kwamba hiyo ni ajabu ya usiku mmoja. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alirusha duru 217, akakosesha wapigaji 269, wastani wake wa mikimbio ukawa 1.70, akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake. Na katika zamu 32 za mwaka ule alipata ushindi 10 tu, akashindwa mara 9, na mara 13 hakuandikiwa kitu. Kwa upande wa pili, mwaka 1989 Storm Davis alipata ushindi 19 na kushindwa mara 7 kwa wastani wa 4.36, kwa kuwa nyuma yake ilisimama Oakland Athletics, timu iliyotwaa ubingwa mwaka huo. Alipohamia Kansas City msimu uliofuata alipata ushindi 7. Mkono ulikuwa ule ule. Waliobadilika ni watu waliomzunguka. Basi kama nyota wa aina ya deGrom hupata ushindi kwa shida hivyo, mtu wa daraja la chini, ambaye aghalabu huwa wa daraja la chini kwa sababu timu yake nayo ni ya daraja hilo, atautoa wapi?

Na hata tukiacha historia, hesabu peke yake inatosha. Tukadirie kwamba mrushaji hafifu ana fungu moja katika manne la kushinda katika zamu yake yoyote, na mrushaji bora katika timu nzuri ana mafungu mawili katika matano. Yule hafifu, kwa zamu zake mbili, atatoka bila ya ushindi wowote mara 9 katika 16. Atapata angalau mmoja mara 7 katika 16, yaani karibu mara 44 katika 100. Na zile ndoto za ushindi wa pande zote mbili, ambazo ndizo zinazowapa watu usingizi mtamu Jumapili usiku, zitatimia mara 1 katika 16. Yule bora, kwa zamu yake moja, atapata ushindi mara 40 katika 100. Tofauti iliyopigiwa ngoma kiasi hicho ni ya mara 4 katika 100, nayo ni ndogo mno kulipiwa kwa wastani mbili.

Zaidi ya hayo, zama zetu zimeifanya tofauti hiyo iwe ndogo hata kuliko ilivyokuwa. Makocha wamejifunza kwamba wapigaji humzoea mrushaji kadiri wanavyokutana naye, na kwamba mara ya tatu ya kukutana humpiga vizuri zaidi kuliko ya kwanza. Kwa hiyo humtoa mapema. Katika mchezo wa sita wa fainali za mwaka 2020, Blake Snell wa Tampa Bay Rays aliondolewa na kocha wake Kevin Cash katika duru ya 6, timu ikiongoza 1-0, naye amekwisha kukosesha wapigaji 9 na kupigwa mapigo 2 tu. Los Angeles Dodgers wakageuza mchezo, wakashinda 3-1, wakachukua ubingwa. Nisiingie hapa katika ubishi wa kama Cash alipatia au alikosea. Nasema hili tu: ikiwa mtu wa daraja la Snell, katika usiku mkubwa wa namna ile, hutolewa angali anang'ara, mrushaji wa nne au wa tano wa timu dhaifu atatolewa mapema zaidi, na mara nyingi kabla ya kuzimaliza zile duru 5 ambazo bila ya hizo hakuna ushindi unaoweza kuandikwa.

Hoja nyingine husema kwamba ratiba ni kitu cha yakini na uhodari ni dhana, kwa hiyo mwenye akili hushika yakini. Laiti ingekuwa hivyo. Zamu ya kwanza ya juma ni yakini kwa kadiri ya mambo ya dunia. Zamu ya pili ni ahadi tu. Mvua ikinyesha Alhamisi na mchezo ukaahirishwa, foleni yote ya warushaji husogea. Kocha akitaka kuwapumzisha watu wake humwingiza mrushaji wa sita, kama walivyofanya Los Angeles Angels kwa ajili ya Shohei Ohtani, na yule aliyepangiwa Jumapili akajikuta Jumatatu, katika juma jingine kabisa. Hapo umebaki na mtu hafifu mwenye zamu moja, na mtu bora mwenye zamu moja amekaa benchi.

Tena ratiba hukuambia mara ngapi, lakini watu husahau kuisoma inapowaambia wapi. Uwanja wa Coors Field, mjini Denver, uliofunguliwa mwaka 1995, umejengwa mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,600, ambapo hewa ni nyepesi. Mpira uliopigwa huko husafiri mbali zaidi, na mpira wa kupinda hupinda kidogo kuliko kwingine, kwa sababu hewa haina nguvu ya kutosha kuushika. Na kwa kuwa waliojenga walizirudisha kuta nyuma ili kupunguza mipira inayotoka nje, limebaki eneo pana ambamo mpira huanguka katikati ya wadakaji. Tangu mwaka 2002 mipira huhifadhiwa katika chumba chenye unyevu maalumu, na dawa hiyo imesaidia, lakini haikuugeuza uwanja ule kuwa kama viwanja vingine. Basi mrushaji mwenye zamu mbili, moja nyumbani kwake na moja Denver, hana zamu mbili za kumtakia mwenye timu mema. Anayo moja, na ya pili ni hatari ya kujitakia.

Waliobanwa na haya yote hukimbilia ngome ya mwisho, wakisema kwamba mtu wao ameamka, kwani katika zamu zake mbili zilizopita alitoa mkimbio mmoja tu. Ngome hii ilibomolewa mwaka 2001, pale Voros McCracken alipotangaza natija ya uchunguzi wake, kwamba mpira ukisha kupigwa na ukabaki uwanjani, kudakwa au kuanguka kwake hakutegemei sana ni nani aliyeurusha. Kilicho mikononi mwa mrushaji ni wapigaji anaowakosesha, vituo vya bure anavyovitoa, na mipira inayopigwa ikatoka nje ya uwanja. Wajuzi waliomfuata walipunguza ukali wa dai lake, wakaonyesha kwamba warushaji hutofautiana kidogo hata katika hayo mengine, lakini shina la neno lake limesimama. Mrushaji aliyetoa mkimbio mmoja katika duru 12 kwa kukosesha wapigaji 5 na kutoa vituo 6 vya bure hakuamka. Amedakiwa mipira yake na watu wazuri waliosimama mahali pazuri, na bahati ya namna hiyo haina mkataba na mtu.

Kipimo ninachokishika mimi, na ninachomsihi kila mwenye timu akishike, kinatokana na hapo. Chukua asilimia ya wapigaji ambao mrushaji huwakosesha na kuwatoa, toa asilimia ya wale anaowapa kituo cha bure. Katika misimu ya karibuni mrushaji wa wastani wa ligi kuu hukosesha takribani wapigaji 22 katika kila 100, na huwapa vituo vya bure takribani 8. Basi 14 ndiyo alama ya katikati. Aliyepita 20 huyo ni wa kutumiwa kila zamu yake, iwe moja au mbili, na hata Denver sitamzuia. Aliye chini ya 10 sitamtumia kwa zamu tatu, seuze mbili, ila kwa dharura nitakayoitaja. Walio kati ya hapo ndio wanaohitaji kufikiriwa: wanakutana na nani, uwanja gani, na timu yangu ina upungufu gani. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba hakina wadakaji ndani yake, hakina wapigaji wa timu yake, wala hakina kocha. Ndani yake umo mkono wa mrushaji na jicho la mpigaji tu, nayo hayo hutulia mapema katika msimu kuliko wastani wa mikimbio.

Dharura niliyoitaja ni hii, nami naieleza ili nisionekane kuwa nimeikimbia. Katika ligi za kukabiliana timu kwa timu kila juma, mtu anaweza kufika Ijumaa akiwa amekwisha kushindwa katika wastani zote mbili kwa umbali usiozibika, na akawa nyuma kidogo katika waliokoseshwa na katika ushindi. Huyo hana cha kulinda, na akiwatumia warushaji wote anaowapata, wazuri kwa wabaya, amefanya jambo la busara. Kadhalika, ziko ligi zinazochota wachezaji kutoka nusu moja tu ya ligi kuu, ambamo warushaji wazuri hawatoshi, na mtu hutumia alichonacho. Na nyota mwenye zamu mbili ni neema ambayo hakuna anayeibishia. Lakini tazama kwamba katika hali zote hizo si idadi ya zamu iliyotoa hukumu: katika ya kwanza ni upungufu wa timu, katika ya pili ni uhaba wa watu, katika ya tatu ni uhodari wa mrushaji mwenyewe. Zamu ya pili ilikuja baadaye, kuongeza juu ya kile kilichokwisha kuamuliwa.

Ataniuliza mtu: basi nafasi ile niiache tupu? Hapana. Wako warushaji wa akiba wanaoingia katikati ya mchezo, ambao wengi hawawataki kwa kuwa hawaanzi wala hawaokoi, na mmoja wao aliye hodari aweza kukupa kwa juma duru 3, wapigaji 4 waliokoseshwa, na pengine asitoe hata mkimbio mmoja; tena, akiwa ameingia wakati timu yake inafungana na wapinzani, ushindi waweza kumwangukia yeye badala ya yule aliyeanza. Mtu huyo hatajwi katika mabaraza, lakini mwisho wa msimu, wastani za aliyemtumia kila juma badala ya kuwaokota watu wa zamu mbili zitasema kwa niaba yake.

Kwa hiyo utaratibu wa maswali na upinduliwe. La kwanza liwe, mkono huu una uwezo gani? La pili, unakwenda kurusha wapi na mbele ya nani? La tatu, timu yangu inahitaji nini juma hili, na ina nini cha kulinda? Anayeyajibu hayo matatu kwa ukweli ndipo aulize ni zamu ngapi, na mara nyingi ataona kwamba jibu limekwisha kupatikana kabla ya swali hilo kufika. Mwenye kuyapindua hayo, akaanza na hesabu ya zamu, amewaachia wapangaji wa ratiba kazi ambayo ni yake mwenyewe, na asishangae watu aliowapita katika mnada wakimpita katika msimamo wa ligi. Kazi ya mwenye timu ni kuchagua. Na kuchagua maana yake ni kuwa na uthabiti wa kumwacha benchi mtu hafifu hata anapoahidi kurusha mara mbili.